Rekodi za laivu za ogani, hapsikodi na piano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara watu wanapoanza kusikiliza, au kurekodi wenyewe, muziki wa kale wa Ulaya wa vinanda uliopigwa mbele ya watu. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi; utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya mwanzo

Rekodi ya laivu ni ipi hasa?

Ni rekodi ya muziki uliopigwa mbele ya wasikilizaji, kwa mkupuo mmoja, mpigaji akiwa hana nafasi ya kurudia alipokosea. Studio ni habari nyingine: kipande cha dakika tano kinaweza kupigwa mara kumi, kisha fundi akachagua sehemu zilizotoka vizuri na kuziunga. Katikati zipo nyingi ambazo si za huku wala za kule, na hizo tunazizungumzia kwenye swali la kuhariri hapo chini.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya rekodi ya laivu ni kwamba unasikia jengo. Mpigaji anapopunguza kasi mwishoni mwa sentensi ya muziki, mara nyingi hafanyi hivyo kwa mapambo tu. Anausubiri ukumbi umalize kusema. Ukilisikiliza jengo kwanza, mambo mengi yanayowasumbua wasikilizaji wapya yanajieleza yenyewe.

Ogani, hapsikodi na piano, vyote si vinanda? Tofauti iko wapi?

Vyote ni vinanda, lakini ndani havifanani hata kidogo. Ogani ni chombo cha upepo: mivukuto, au siku hizi feni ya umeme, inasukuma hewa kwenye mabomba, na kila bomba lina noti yake. Ukishikilia kibonyezo, sauti inaendelea vilevile mpaka uachie. Hapsikodi ina nyuzi, na kila ukibonyeza, kijiti chenye ncha kama ya unyoya kinauchokonoa uzi. Ubonyeze kwa nguvu au taratibu, ukubwa wa sauti haubadiliki kwa kiasi cha kusikika. Piano nayo ina nyuzi, ila zinagongwa na vinyundo, kwa hiyo nguvu ya kidole inasikika. Aliyeibuni ni Bartolomeo Cristofori wa Firenze, Italia, karibu mwaka 1700.

Kwa anayerekodi, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Piano inabeba sauti yake yenyewe ndani ya sanduku lake, ukumbi unaiongezea tu. Ogani bila jengo si ogani: mabomba yametengenezwa na kutuniwa kwa ajili ya kuta zile zile. Hapsikodi iko kati, sauti yake ni ndogo na inahitaji chumba kinachoijali.

Nianze na rekodi zipi?

Ningekupa tatu za piano, kwa kuwa piano ndiyo sikio la wengi limeizoea.

Ya kwanza ni ya Dinu Lipatti, Besançon, Ufaransa, tarehe 16 Septemba 1950. Alikuwa na miaka 33 na saratani ilikuwa imemmaliza nguvu. Kabla ya Partita (mfululizo wa vipande vya ngoma) ya Bach unamsikia akipitisha vidole juu ya vibonyezo kidogo, kama mtu anayebisha hodi, ndipo anaanza. Mwishoni alitakiwa kupiga valsi 14 za Chopin. Alipiga 13, ya mwisho ikamshinda, akafunga na wimbo mmoja wa Bach. Alifariki Desemba 2 mwaka huohuo. Hata ukiwa hujui lolote kati ya haya, utashangaa mchezo ulivyo mwepesi, hauna hata dalili ya mgonjwa.

Ya pili ni ya Sviatoslav Richter mjini Sofia, Bulgaria, Februari 1958, akipiga "Picha kwenye Maonyesho" ya Mussorgsky. Sauti ni ya mono (njia moja tu), watu wanakohoa kama wodi nzima, na noti kadhaa zimekosewa. Pamoja na hayo, wapenzi wa piano hawachoki kuirudia.

Ya tatu ni ya Yunchan Lim, kijana wa Korea Kusini, akiwa na miaka 18 kwenye shindano la Van Cliburn, Texas, mwaka 2022, akipiga Konseto ya Tatu (kazi ya piano na okestra) ya Rachmaninov. Hiyo ina picha pia, na ipo bure mtandaoni.

Na kwa ogani na hapsikodi?

Chama cha Bach cha Uholanzi kinarekodi kazi zote za Bach kwa video na kuziweka mtandaoni bure. Humo kuna ogani za kale za Uholanzi na hapsikodi za kila namna, zimerekodiwa kwa uangalifu mkubwa. Nyingi hazina hadhira ukumbini, lakini zimepigwa mahali halisi, na jengo linasikika. Ni shule nzuri kuliko kurukia kila kinachopendekezwa na programu.

Lazima nijue kusoma noti?

Hapana.

## Unachokisikia

Mbona ogani inasikika kama imechanganyikana, noti zinapandana?

Huo ni mwangwi. Katika kanisa kubwa la mawe sauti inaweza kubaki hewani sekunde sita, nane au zaidi baada ya mpigaji kuachia. Noti mpya inaikuta ya zamani bado haijaondoka. Mpigaji mzoefu anajua hilo na anapiga kwa kulizingatia: anakatiza noti mapema, anapunguza kasi, anaacha upenyo kati ya sentensi.

Mfano mzuri ni Charles-Marie Widor. Alikuwa mpiga ogani wa kanisa la Saint-Sulpice, Paris, tangu 1870 hadi 1933, na mwaka 1932, akiwa na miaka 88, alirekodiwa humo humo akipiga Toccata yake maarufu, ile inayopigwa kwenye harusi. Watu wakiisikia husema mzee alikuwa amechoka, maana anaipiga polepole kuliko karibu kila mtu wa leo. Mimi siamini kuwa ni uzee peke yake. Alilijua lile jengo kwa miaka zaidi ya sitini, na katika mwendo ule kila noti inasikika. Wanaoipiga mbio katika kanisa la namna hiyo hutupa mvumo tu.

Ikiwa rekodi yote ni mvumo, basi tatizo huenda ni maikrofoni kuwekwa mbali mno. Tazama swali la mahali pa kuweka maiki.

Kwenye simu yangu besi ya ogani haipo kabisa. Rekodi ni mbovu?

Rekodi huenda ni nzima. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini. Bomba refu kuliko yote katika ogani kubwa lina urefu wa futi 32, karibu mita kumi, na noti yake ya chini kabisa ni takriban mitetemo 16 kwa sekunde. Sikio la binadamu lenyewe linaanzia karibu 20. Bomba la namna hiyo kanisani unalihisi kwenye benchi na kifuani kuliko unavyolisikia. Spika ya simu inaanza kusema mambo ya maana kwenye mitetemo mia kadhaa tu.

Tumia hedifoni za waya zenye ubora wa kawaida, au spika ya redio yenye besi. Hutapata ule mtikisiko wa benchi, lakini utagundua miguu ya mpigaji, ambayo ndiyo inayopiga besi, ilikuwa na kazi muda wote.

Hapsikodi inaniumiza masikio. Nafanyaje?

Punguza sauti. Sisemi kwa utani. Mafundi hupandisha kiwango cha rekodi mpaka juu, hivyo hapsikodi, ambayo ukumbini ni chombo cha sauti ndogo, inakufikia ikiwa na ukubwa wa piano ya tamasha. Ishushe mpaka ilingane na sauti ya mtu anayezungumza nawe mezani. Ghafla utaanza kusikia mambo ambayo mpigaji anayafanya: kwa kuwa hawezi kuongeza nguvu, anachelewesha noti kidogo ili uisubiri, anazitandaza akodi (noti kadhaa za pamoja) badala ya kuzipiga kwa mkupuo, anashikilia noti moja juu ya nyingine ili chombo kiimbe.

Nilipiga kinanda changu sambamba na rekodi ya hapsikodi, ikawa chini. Kuna kosa?

Hakuna. Wapigaji wengi wa muziki wa enzi za Bach hutuni noti A kwenye mitetemo 415 badala ya 440 tuliyoizoea leo. Tofauti ni karibu nusu toni kamili. Kinanda chako cha umeme kina kitufe cha kushusha. Shusha nusu toni mtaenda pamoja. Ikiwa bado akodi fulani zinagongana, sababu ni kwamba hapsikodi nyingi hazitugawii nusu toni zote 12 kwa usawa. Ufunguo wa do unakuwa mtamu, funguo zenye alama nyingi zinakuwa na ukali wake. Watunzi waliutumia ukali huo kwa makusudi.

Kukohoa, viti kulia, mtoto kulia: kwa nini hawaondoi?

Kelele ndogo huondolewa siku hizi kwa programu, na wakati mwingine huondolewa kupita kiasi mpaka piano inasikika kama imefunikwa blanketi. Mafundi wengi makini huacha kikohozi kilipo kama kimeangukia kwenye noti, kwa sababu ukikitoa unatoa na kipande cha noti.

Kelele ya nje nayo inaweza kuwa historia. Wanda Landowska, mwanamke aliyeirudisha hapsikodi kwenye majukwaa ya karne ya 20, alikuwa Paris mwaka 1940 akirekodi sonata za Scarlatti huku vita vikikaribia. Katika moja ya hizo, bunduki za kutungulia ndege zinasikika kwa mbali, naye haachi kupiga. Hakukuwa na hadhira chumbani, lakini sijui rekodi iliyo laivu kuliko hiyo.

Nani huyo anayenung'unika nyuma ya piano?

Kama ni Bach, uwezekano mkubwa ni Glenn Gould wa Kanada. Aliimba kwa sauti kila alipopiga, studio na jukwaani. Mafundi wake walihangaika naye na hawakumshinda.

Kwa nini watu hawapigi makofi kati ya sehemu na sehemu?

Ni desturi iliyozoeleka zaidi karne ya 20: kazi yenye sehemu tatu au nne husikilizwa yote, makofi mwisho. Kwenye ogani kanisani kuna mahali hawapigi makofi kabisa, hasa ndani ya ibada. Usishangae rekodi ikiisha kwa mwangwi na kimya.

## Je, ni ya laivu kweli?

Rekodi za laivu huhaririwa?

Mara nyingi, ndiyo. Orodha ileile ya muziki hupigwa jioni mbili au tatu, mazoezi ya mchana nayo yakarekodiwa, na wakati mwingine hadhira ikishaondoka mpigaji anabaki nusu saa kurudia sehemu zilizomsumbua. Vyote hivyo vinashonwa, jalada linaandikwa "laivu". Si uongo wa moja kwa moja, lakini si jioni moja.

Kisa kinachojulikana ni cha mpiga piano Vladimir Horowitz. Tarehe 9 Mei 1965 alirudi jukwaani Carnegie Hall, New York, baada ya miaka 12 ya kutoonekana. Alifungua na Toccata ya Bach iliyoandikwa upya kwa piano na Busoni, na mwanzoni kabisa vidole vikateleza, noti zisizohusika zikatoka mbele ya ukumbi uliojaa pomoni. Sahani ya santuri iliyotoka mwaka huohuo ilikuwa imerekebishwa mahali fulani. Toleo lisiloguswa lilikuja kutolewa mwaka 2003, Horowitz akiwa ameshafariki. Ukipata yote mawili, yasikilize kwa zamu. Mimi nalipenda lisiloguswa: ule mteleko unakuonyesha presha ya mchana ule, halafu unamsikia mtu akijikusanya ndani ya sekunde chache.

Nitajuaje kama imeungwa?

Kwa sikio tupu ni vigumu, kazi ya fundi mzuri haionekani. Jaribu kusikiliza mwangwi na kelele ya ukumbi: ikibadilika ghafla katikati ya kipande, pamekatwa. Soma pia maelezo ya jalada. Tarehe mbili au zaidi kwa ukumbi mmoja maana yake ni mchanganyiko. Matangazo ya redio na ya mashindano yanayorushwa mubashara ndiyo salama zaidi. Shindano la Chopin la Warsaw, linalofanyika kila baada ya miaka mitano (la 2020 likasogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona), hurushwa lote mtandaoni, makosa na yote.

Je, jina lililoandikwa kwenye rekodi ni la kuaminika?

Kwa kawaida ndiyo, lakini yametokea. Kwa miaka, Konseto ya kwanza ya Chopin iliuzwa kama rekodi ya laivu ya Dinu Lipatti, wakosoaji wakaisifia "mkono wake". Mwaka 1981 ikabainika kuwa aliyepiga ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland. Mwaka 2007 ikafumuka kubwa zaidi: sahani nyingi za Uingereza zilizotolewa kwa jina la Joyce Hatto zilikuwa rekodi za wapigaji wengine, nyingine zikiwa zimeongezwa au kupunguzwa kasi kidogo. Kilichozifichua mara ya kwanza ni programu ya kompyuta iliyoitambua sahani aliyoiweka msikilizaji na kuleta jina la mtu mwingine.

Mtandaoni leo majina yanakosewa kila siku kwa uzembe tu. Ukiona "Bach, ogani, laivu" bila jina la kanisa wala mwaka, sikiliza ufurahi, ila usiitumie kama ushahidi wa lolote.

Kama laivu ni nzuri hivyo, kwa nini wengine waliikimbia?

Gould, yule anayenung'unika, aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1964 na hakurudi. Aliona tamasha kama mchezo wa sarakasi ambamo watu wanangoja mtu aanguke, na studio kama mahali pa kufikiri. Hoja yake ina uzito. Lakini tafuta Goldberg Variations ya Bach aliyoipiga Salzburg, Agosti 1959, mbele ya hadhira, uilinganishe na zake za studio za 1955 na 1981. Mimi huishia kwenye ya Salzburg.

## Kurekodi mwenyewe

Nina simu tu. Naweza kurekodi kinanda cha kanisani kwetu?

Unaweza, na matokeo yanaweza kuwa ya heshima. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili isilie katikati ya wimbo. Tumia programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya kujiendesha, kwa sababu ndiyo yanayoharibu: kinanda kikipanda simu inashusha, kikinyamaza simu inapandisha mpaka unasikia pangaboi likizunguka. Usiishike mkononi wala usiilaze juu ya kinanda chenyewe. Iweke kwenye kitu kilichotulia, juu ya kitambaa, mita chache kutoka kwenye chombo.

Halafu pita ukumbini kabla ya watu kuingia. Zima pangaboi kama joto linavumilika, funga dirisha la upande wa barabara, ulizia jenereta iko wapi. Mvua kwenye mabati haina dawa, ahirisha.

Nikinunua maiki, niziweke wapi?

Jozi ya maikrofoni mbili zinazofanana inatosha kwa kila chombo kilichotajwa hapa. Njia rahisi na isiyoangusha ni ile iliyotoka kwa redio ya taifa ya Ufaransa, inayoitwa ORTF: maiki mbili za aina inayosikia zaidi kinachotoka mbele yake, vichwa vyake vikiwa sentimita 17 kutoka kimoja hadi kingine, zikiwa zimefunguka kwa pembe ya digrii 110.

Piano: anzia mita mbili hivi kutoka ubavuni ambako kifuniko kinafungukia, juu kidogo ya ukingo wa sanduku, ukilenga nyuzi. Ukisogea zaidi unapata vinyundo, ukirudi nyuma unapata chumba.

Hapsikodi: karibu kiasi hichohicho, lakini kaa mbali na upande wa vibonyezo. Vile vijiti vikirudi mahali pake vinatoa mlio wa tak-tak ambao mtu aliyekaa ukumbini hausikii.

Ogani haina fomula. Panda stendi juu, mita tatu, nne, hata zaidi, na utembee na hedifoni masikioni huku mwenzako akishikilia akodi moja. Ukiwa karibu mno unasikia bomba mojamoja na feni ya upepo. Ukienda mbali mno unapata ule mvumo wa swali la mwangwi. Kuna mahali katikati ambapo unasikia noti inaanza wazi, halafu jengo linaichukua. Weka alama ya chaki sakafuni, maana mwakani utapahitaji tena.

Kiwango cha sauti kiwe wapi?

Mwombe mpigaji apige sehemu yenye kelele kuliko zote, na kwa ogani stopu zote (vishikio vya kufungulia safu za mabomba) zikiwa nje, kisha rekebisha ili kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Siku yenyewe atapiga kwa nguvu zaidi kuliko alivyokuonyesha. Wote wako hivyo.

WAV au MP3?

Rekodi kwa WAV (faili isiyobanwa), sambaza kwa MP3 (iliyobanwa). WAV ya biti 24 na kilohezi 48 inakula karibu GB 1 kwa saa, kwa hiyo hakikisha kadi ina nafasi. MP3 ya kilobiti 128 ni chini kidogo ya MB 60 kwa saa, bando la msikilizaji linapumua. Mwangwi wa ogani na ncha za hapsikodi ndivyo vinavyoharibika kwanza ukibana faili kupita hapo.

Kwenye video yangu vidole vinatangulia sauti. Kwa nini?

Sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde. Kamera ikiwa karibu na mpigaji na maiki ikiwa mita 30 nyuma, sauti inachelewa kama sekunde 0.09, ambayo kwenye video ya picha 25 kwa sekunde ni zaidi ya picha mbili. Jicho linagundua. Wakati wa kuhariri, ivute sauti ianze mapema kwa kiasi hicho.

Kinanda cha mabomba kilituniwa asubuhi, jioni kikawa hakielewani. Fundi ametudanganya?

Usimlaumu kabla ya kuangalia kipimajoto. Hewa ikipata joto, sauti ya bomba la kawaida inapanda karibu senti 3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, senti 100 zikiwa ni nusu toni moja. Kutoka nyuzi 22 asubuhi hadi 30 kanisa likijaa, ni senti 24, yaani karibu robo ya nusu toni. Tabu ni kwamba mabomba yenye ulimi wa chuma hayapandi hivyo, yanabaki karibu pale pale, ndiyo maana ogani inagombana yenyewe kwa yenyewe. Iwe Nairobi kwenye All Saints au Kampala kwenye kilima cha Namirembe, kanuni ni ileile.

Piano na hapsikodi zinasumbuliwa zaidi na unyevu kuliko joto: ubao wa sauti unavimba masika, unanywea kiangazi. Tuni siku ya tamasha, chumba kikiwa katika hali kitakayokuwa nayo watu wakiwemo. Albert Schweitzer, daktari aliyekuwa pia mpiga ogani, alipewa na Chama cha Bach cha Paris piano yenye pedali za ogani ya kufanyia mazoezi Lambaréné, Gabon, na waliitengeneza mahususi ili ihimili unyevu wa huko.

## Haki na ruhusa

Bach alikufa 1750. Kwa nini YouTube imeniwekea dai la hakimiliki?

Muziki ni wa wote, rekodi si ya wote. Ukiweka rekodi ya mpigaji fulani, kampuni yake ina haki nayo. Sheria za Kenya na Tanzania zinalinda rekodi za sauti kwa miaka 50, Umoja wa Ulaya kwa miaka 70 tangu kuchapishwa.

Lakini hutokea pia umepiga mwenyewe na dai likaja. Mashine inalinganisha sauti, na wapigaji wawili wa sonata moja wanaweza kufanana kiasi cha kuichanganya. Pinga dai, eleza kuwa ni wewe uliyepiga, taja mahali na tarehe. Faili ya WAV uliyoitunza ni ushahidi mzuri.

Na watunzi wa karibuni?

Angalia mwaka wa kifo. Olivier Messiaen, aliyepiga ogani kanisa la La Trinité, Paris, kwa zaidi ya miaka 60, alifariki 1992, hivyo kazi zake bado zinalindwa. Omba kibali: ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, watakuelekeza.

Naweza kumrekodi mpigaji kwenye tamasha bila kumwambia?

Usifanye. Mpigaji ana haki juu ya utendaji wake hata kama muziki ni wa miaka 300.

## Maswali ya pembezoni

Video imeandikwa "Hauptwerk". Hiyo ni ogani ya kweli?

Ni programu. Watu walikwenda kwenye ogani halisi, wakarekodi kila bomba peke yake pamoja na mwangwi wake, na sasa mtu anapiga sebuleni kwake kwa kinanda cha umeme. Mchezo ni wa kweli, vidole ni vya kweli, jengo ni la kuazima. Kwa mazoezi ni neema, hasa kwa asiye na ogani karibu. Kinachokera ni wale wanaoandika jina la kanisa kwa herufi kubwa na kuificha Hauptwerk chini kabisa.

Kuna "rekodi" za Debussy na Mahler wakipiga piano kwa sauti safi ajabu. Inawezekanaje?

Hizo ni roli za karatasi. Mfumo wa Welte-Mignon, ulioanza Freiburg, Ujerumani, mwaka 1904, ulitoboa matundu kwenye karatasi kufuatana na vidole vya mpigaji, kisha piano yenye mashine ikayasoma na kupiga yenyewe. Mahler alifanya hivyo mwaka 1905. Unachokisikia ni piano iliyorekodiwa miaka mingi baadaye ikiendeshwa na roli. Noti ni zake. Uzito wa mkono na pedali vinategemea sana fundi aliyeiseti ile mashine. Usiihesabu kama laivu.

Mpigaji akibuni papo hapo, muziki huo unabaki wapi?

Kwenye rekodi tu, na hapo ndipo rekodi ya laivu haina mbadala. Wapiga ogani wa Ufaransa wana utamaduni mzito wa kubuni ndani ya ibada. Charles Tournemire wa Sainte-Clotilde, Paris, alirekodiwa mwaka 1930 na 1931 akibuni. Miaka mingi baadaye mpiga ogani Maurice Duruflé alikaa na sahani hizo akaziandika noti kwa noti, zikachapishwa 1958, na leo watu wanazijifunza kama kazi zilizoandikwa. Pierre Cochereau wa Notre-Dame, kanisa kuu la Paris, naye ameacha saa nyingi za aina hiyo.

Ogani ikiungua au kubomolewa, rekodi inasaidia nini?

Ogani kubwa ya Notre-Dame, yenye mabomba karibu 8,000, ilinusurika moto wa Aprili 2019. Ilifunguliwa, ikasafishwa vumbi la risasi, ikasikika tena kanisa lilipofunguliwa Desemba 2024. Rekodi za kabla ya moto sasa zinasikilizwa kwa sikio la kulinganisha.

Ile ya All Hallows by the Tower, London, haikubahatika. Schweitzer aliirekodi Bach juu yake mwaka 1935. Mwaka 1940 kanisa lilipigwa mabomu na ogani ikaangamia, hivyo anayetaka kujua ilikuwa na sauti gani anazo sahani za yule daktari.

Tamasha refu kuliko yote ni lipi, na lipo kwenye rekodi?

Halberstadt, Ujerumani, kanisa la St. Burchardi. Kazi ya mtunzi John Cage iliyoagizwa ipigwe polepole iwezekanavyo ilianzishwa huko tarehe 5 Septemba 2001 na imepangwa kuisha mwaka 2640. Vifuko vya mchanga vinashikilia vibonyezo, akodi inabaki miaka, na siku ya kuibadilisha watu husafiri kwenda kushuhudia. Februari 5, 2024 ilikuwa moja ya siku hizo. Vipande vyake vipo mtandaoni, lakini rekodi nzima haiwezi kuwepo bado. Ukisikia kipande cha dakika kumi ambacho hakibadiliki, simu yako haijakwama.